Ubaguzi wa Rangi na Kisingizio cha Utamaduni

Mei 12, 2025, ndege iliyokodiwa na serikali ya Marekani ilitua katika uwanja wa Dulles, jimboni Virginia, ikiwa na familia za Makaburu kutoka Afrika Kusini. Walipokewa kama wakimbizi, watoto wakipunga vibendera vya nchi yao mpya. Miezi minne kabla, Januari 20, Rais Donald Trump alikuwa amesimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi, na amri yake ilisema kwamba watakaoruhusiwa ni wale tu wanaoweza kuchangamana vilivyo na jamii ya Wamarekani. Naibu waziri wa mambo ya nje, Christopher Landau, alipoulizwa pale uwanjani kwa nini hawa wafunguliwe mlango na wengine wafungiwe, sababu mojawapo aliyoitoa ilikuwa hiyohiyo: hawa wataizoea Marekani kwa urahisi. Oktoba mwaka huo idadi ya wakimbizi wa mwaka mzima ikashushwa kutoka 125,000 hadi 7,500, na nafasi nyingi kati ya hizo wakatengewa Makaburu.

Tangu siku ile nimesikia maelezo mawili kwa watu wetu. La kwanza ni fupi: ni rangi tu, hakuna la zaidi. La pili linapendwa hasa na wenzetu wasomi wanaoishi ughaibuni: Mzungu hakuchukii kwa weusi wako, anauogopa utamaduni wako, jifunze lugha yake, vaa anavyovaa, punguza kelele, na ubaguzi utakwisha wenyewe. Naona yote mawili yamekosea, na la pili ni la hatari zaidi kwa kuwa nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba ubaguzi hautoki kwenye ngozi. Unatoka kwenye utamaduni. Lakini utamaduni unaouzaa ni wa yule anayebagua, uliomfundisha tangu utotoni nani ni mtu kamili na nani hajatimia. Utamaduni wa anayebaguliwa ni kisingizio kinachotafutwa baadaye, na kisingizio hicho kikikosekana, hutafutwa kingine.

Tujiulize kwanza lugha hii ya utamaduni ilikujaje. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, msomi wa Ulaya hakuona haya kuandika kwamba damu ya mtu mweusi ni duni, na upimaji wa mafuvu ulifundishwa vyuoni kama elimu. Baada ya 1945, dunia ilipoona Wanazi walichowafanyia Wayahudi, maneno hayo yakawa aibu, na mwaka 1950 UNESCO ikatoa tamko la wataalamu lililokana kwamba kuna watu waliozaliwa bora kuliko wengine. Ubaguzi haukufa kwa tamko. Aliyekuwa akisema “damu yao” akajifunza kusema “mila zao” na “maadili yao”. Denmark, kwa mfano, mwaka 2018 ilipitisha sheria za makazi ambazo miongoni mwa vigezo vyake ni kama zaidi ya nusu ya wakazi wa mtaa wana asili isiyo ya Magharibi. Neno hilo lina sauti ya utamaduni. Lakini katika takwimu za Denmark, Australia na New Zealand, zilizo upande wa pili wa dunia, zimo Magharibi, huku mtoto aliyezaliwa Copenhagen, akasomea Copenhagen na kuota ndoto zake kwa Kidenishi, akiandikwa kuwa si wa Magharibi kwa sababu wazazi wake walitoka Somalia. Mtoto huyo ana utamaduni gani usiokuwa wa Denmark?

Hata hivyo siidharau hoja ya utamaduni, kwa sababu sisi watu wa pwani tunaishi na ushahidi wake ndani ya lugha yetu. Neno ustaarabu limetokana na Uarabu. Kinyume chake ni ushenzi, na mshenzi, kabla halijawa tusi la barabarani, lilikuwa jina la mtu wa bara, asiyeswali, asiyevaa kanzu, asiyejua adabu za mji. Muungwana wa Lamu au Mombasa wa karne ya 19 aliweza kuwa mweusi tititi na bado akajiona juu ya mwenzake wa rangi ileile aliyeshuka na msafara kutoka Tabora. Hakupima ngozi. Alipima nyumba ya mawe, nasaba, dini na lafudhi. Na mlango ulionekana uko wazi: mtu wa bara akisilimu, akakaa mjini, akakijua Kiswahili, watoto wake waliweza kuhesabiwa wenyeji. Anayetaka kuthibitisha kwamba dharau hufuata utamaduni wala haifuati rangi hatapata mfano mzuri kuliko huu.

Lakini tuutazame mlango wenyewe. Mtumwa aliyetoka bara karibuni aliitwa mjinga. Mwanawe aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, na huyu mzalia hakuwa na utamaduni mwingine wowote. Alisema Kiswahili cha bwana wake, alisali nyuma ya imamu yuleyule, alizijua ngoma za mji na mapishi yake. Kwa kipimo cha ustaarabu alikwisha kufaulu. Ndipo kipimo kikahamishiwa kwenye nasaba, mahali ambapo hakuna awezaye kufaulu kwa juhudi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Wanawake wa Unguja waliotoka utumwani waliacha kaniki wakavaa kanga, kisha buibui, wakitangaza kwa nguo kwamba nao ni watu wa mji. Minong’ono haikukoma. Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Tanga, mwalimu aliyetufundisha Kurani alimposea mwanawe mke katika nyumba ya jirani akakataliwa. Neno lilikuwa moja, tena lilisemwa kwa sauti ya chini: si kufu yetu. Bibi yake mzaa baba aliletwa kutoka Unyasa. Wale waliomkataa walikuwa wamejifunza kusoma kwake, na mpaka leo nikilisikia neno kufu namwona yule mzee akirudi kwake jioni ile, kofia yake mkononi.

Jambo hilohilo lilitokea Virginia, jimbo ambalo ile ndege ilitua. Huko, miongo ya mwanzo baada ya Waafrika kuletwa mwaka 1619, hoja ya kuwatumikisha iliegemea sana kwenye upagani: Mkristo hapaswi kufanywa mtumwa wa maisha. Basi baadhi yao wakabatizwa, na wengine wakadai uhuru mahakamani. Mwaka 1656 Elizabeth Key, binti wa baba Mwingereza na mama Mwafrika, alishinda kesi ya namna hiyo, na ubatizo wake ulikuwa sehemu ya hoja. Watunga sheria hawakukawia. Mwaka 1662 waliamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, na mwaka 1667 wakaandika waziwazi kwamba ubatizo haumwondolei mtu utumwa. Kwangu mimi hakuna sheria inayofichua siri ya ubaguzi kuliko hiyo ya 1667. Sababu iliyokuwa imetolewa ni dini. Mtu akaichukua dini hiyo kwa moyo wake wote, na jibu likawa kwamba dini haikuwa sababu. Mpaka ukasogezwa hadi kwenye mwili, ambako hauvukiki. Hapo ndipo rangi ilipopata kazi yake. Haikuwa chanzo cha chuki, ila ilifaa kuliko alama nyingine zote, maana lugha hujifunzwa, dini huingiwa, nguo hununuliwa, lakini ngozi humfuata mtu hadi kaburini na mlinzi wa mlango huiona kutoka mbali. Hispania walikuwa wametangulia: mwaka 1449 mji wa Toledo uliwanyima vyeo Wayahudi waliobatizwa pamoja na wazao wao, kwa hoja ya usafi wa damu, ingawa walikuwa weupe kama majirani zao na walipiga magoti mbele ya msalaba uleule.

Turudi kwa Makaburu wenyewe, maana historia ya kwao inaivunja hoja ya Landau kuliko kitu kingine chochote. Kiafrikana, lugha wanayoiona kuwa roho ya taifa lao, si yao peke yao. Zaidi ya nusu ya wanaoizungumza kama lugha ya kwanza si weupe, na wengi wa hao ni watu wa Rasi ya Tumaini Jema ambao serikali iliwaandika machotara. Baadhi ya maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiafrikana yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu katika madrasa za Waislamu wa Cape Town, kama mababu zetu walivyokiandika Kiswahili. Machotara wengine walikuwa waumini wa kanisa lilelile la Kikalvini la Makaburu, mpaka sinodi ya 1857 iliporuhusu ibada zitenganishwe, na mwaka 1881 wakaundiwa kanisa lao. Lugha moja, imani moja, chakula kimoja. Kama utamaduni ndio unaoamua, apatheidi isingepata pa kuwakata watu hawa. Ilipapata. Sheria ya Kuandikisha Watu ya mwaka 1950 iliwaweka katika fungu lao, mwaka 1956 wakaondolewa kwenye daftari la pamoja la wapiga kura, na mwaka 1966 District Six, mtaa wao mjini Cape Town, ikatangazwa ya weupe, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Katika miaka hiyohiyo wafanyabiashara wa Kijapani, ambao Kiafrikana hawakijui wala kanisa hilo hawaliingii, walipewa hadhi ya weupe wa heshima kwa sababu Japani ilikuwa mteja mkubwa wa chuma cha Afrika Kusini.

Wale wa “rangi tu” wataona nimewathibitishia hoja yao. Wasubiri kidogo. Wahutu na Watutsi wa Rwanda wanazungumza Kinyarwanda kilekile, wanachangia koo zilezile, na waliabudu katika makanisa yaleyale. Hapakuwa na rangi ya kuwatenga, wala hapakuwa na utamaduni wa kuwatenga. Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na uhuru ulipokuja kadi hizo hazikufutwa. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya, akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, yaani wauawe na kutupwa mtoni. Na Aprili 1994, vizuizi vilipowekwa barabarani, mwenye panga hakuuliza unacheza ngoma gani. Alidai kitambulisho. Watu zaidi ya 800,000 waliuawa katika siku zipatazo 100. Huko Afrika Kusini nako, Mei 2008, watu 62 waliuawa katika wimbi la kuwafukuza wageni, weusi wakiuawa na weusi. Waliosimamishwa walitakiwa kutaja kiwiko kwa Kizulu. Aliyejikwaa kwenye neno hilo aliitwa mgeni. Theluthi moja ya waliokufa walikuwa raia halali wa Afrika Kusini, wengi wao wa makabila madogo, watu ambao lafudhi au weusi wao ulionekana umezidi. Sikubali kwamba mambo haya yanathibitisha kuwa rangi haina maana. Yanaonyesha kwamba penye nia ya kubagua, chochote kinatosha kuwa alama: kadi, kiwiko, pua.

Na kwa anayesema rangi haihusiki kabisa, nyumbani kwetu upo ushahidi unaouma kuliko wa Virginia. Mtu mwenye ualbino amezaliwa na mama yuleyule, amenyonya ziwa lilelile, anasema lugha ya kijiji chake na kuimba nyimbo zake. Hakuna hata chembe ya utamaduni inayomtenga na ndugu zake. Kinachomtofautisha ni ngozi tu. Na bado tumemwita majina, tumemficha wageni wanapokuja, na kanda ya ziwa wako waliokatwa viungo kwa sababu mganga alisema vinaleta utajiri. Ngozi yenyewe haikusema hivyo. Waliosema ni watu, katika imani walizorithishana, na wasikilizaji wao wakaamini. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na jimbo nchini Tanzania. Ngozi yake ilikuwa ileile. Walichokuwa wamekibadilisha wana Lindi ni wanachokifikiri wao.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ndiyo inayorudiwa sana: kwamba kila mtu kwa maumbile huwapenda wafananao naye, ndege wafananao huruka pamoja, kwa hiyo ubaguzi ni tofauti za mila tu zikigongana. Kama ingekuwa hivyo, Tanzania yenye makabila zaidi ya 120 isingekalika. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880. Leo ni watani. Mngoni anaweza kufika kwenye msiba wa Mhehe, akaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na waliokuwa wakilia wakacheka. Wanyamwezi na Wazaramo vilevile, tangu enzi za misafara. Tofauti za mila zipo tena kubwa, za jando, za mahari, za kula na kuzika, na utamaduni wetu umezigeuza kuwa mchezo wenye kanuni. Tofauti peke yake haizai dharau. Inayozaa dharau ni tofauti iliyowekewa kitu cha kugawana: ardhi, kazi, cheo, nyumba. Ukaguzi wa ardhi wa serikali ya Afrika Kusini wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba weupe, ambao hawafiki hata mtu mmoja katika kila kumi, walimiliki asilimia 72 ya mashamba yaliyo mikononi mwa watu binafsi. Mgawo wa namna hiyo unahitaji hadithi ya kuutetea, na hadithi hiyo inaweza kuwa ya damu, ya Mungu au ya utamaduni kulingana na zama.

Ndiyo maana ushauri wa “jibadilishe utakubalika” unanisikitisha, hasa unapotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto waliozaliwa ugenini. Mwaka 2004 wachumi wawili walichapisha matokeo ya jaribio lao la Boston na Chicago: walituma maombi ya kazi yapatayo 5,000 ya watu wa kubuni, sifa zikiwa zimelinganishwa, wakabadilisha majina tu. Majina yanayosikika kuwa ya weupe yaliitwa kwenye usaili kwa asilimia 50 zaidi ya yale yanayosikika kuwa ya weusi. Wapo wanaosema jaribio hilo linaunga mkono hoja ya utamaduni, kwa kuwa mwajiri hakuona ngozi, aliona jina. Lakini elimu, uzoefu na Kiingereza cha barua zile havikuwa na kasoro ya kuelezea tofauti hiyo. Mwajiri alilisoma jina akaiona ngozi, kisha utamaduni wake yeye ukamwambia mtu wa ngozi hiyo ni mtu gani. Ushauri wa kujibadilisha unampa anayebaguliwa kazi ya kurekebisha kitu kilichomo kichwani mwa mtu mwingine. Kazi hiyo haina mwisho, na akishindwa anaambiwa hakujitahidi.

Kinachofuata kutokana na haya ni kwamba macho yetu, ya sheria na ya wazazi, yahame kutoka kwa anayebisha hodi yaende kwa mwenye mlango. Nchi isiulize kama mgeni anafanana nasi. Iulize kama anaitii sheria na anatimiza wajibu. Kenya ilijifunza gharama ya kuuliza vingine mwaka 1989, ilipowachuja raia wake Wasomali na kuwapa kadi za rangi ya waridi wathibitishe Ukenya wao, jambo ambalo hakuna Mkenya mwingine aliyedaiwa. Tanganyika ilikaribia kosa hilo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge kadhaa walipotaka uraia uwe wa Waafrika weusi pekee. Mwalimu Nyerere aliweka uongozi wake rehani, akasema uraia utapimwa kwa utii kwa nchi. Hakuwataka Wahindi wa Dar es Salaam waache vyakula vyao wala mahekalu yao. Hakusema pia kwamba tofauti hazipo. Aliwakazia macho waliokuwa wanataka kubagua, ndugu zake wa chama kimoja, na kuwaambia wanafanya walichofanyiwa.

Nimemtaja Nyerere kwa sababu kuna wakimbizi walio katika nchi aliyoiacha ambao habari ya Dulles inawahusu moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2025, Wakongo waliongoza kwa idadi miongoni mwa wakimbizi waliopokewa Marekani. Wengi wao ni wasema Kiswahili wa Kivu ya Kusini, na wengi wao ni Wakristo wanaokesha kanisani kama wanavyokesha walokole wa Alabama. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, wako vijana waliozaliwa humo na hawajawahi kuiona Fizi, kwao wazazi wao huko Kongo. Aliyekubaliwa kwenda Marekani alikuwa amehojiwa mara nyingi kwa miaka, amechunguzwa usalama, amepimwa afya. Hatua ya mwisho kabla ya safari ilikuwa darasa maalumu la utamaduni wa Marekani: kutunza muda kazini, kulipa kodi ya nyumba, sheria kuhusu watoto, namna ya kupiga simu ya dharura. Januari 2025 safari za wakimbizi zilipofutwa duniani kote, walikuwamo waliokwisha kuuza vitu vyao na kupewa tarehe ya ndege. Darasa lile walikuwa wamelimaliza.